Lubumbashi mpaka Guangzhou: kilometa ngapi, masaa ngapi, na juu ya nini tike inaonyesha 25 kwenda na 13 kurudi?

Swali ilitoka kwa mama moja wa Katuba, ananiandikia hivi:

"Yambo papa. Mi nauzishaka biatu ku soko, sasa nalipa tike ya Guangzhou mara yangu ya kwanza. Banaandika natoka Luano 14h10, nafika Addis 19h05, natoka Addis 00h20, nafika Guangzhou 15h50. Kurudi natoka Guangzhou 23h45, nafika Addis 6h15, natoka 10h20, nafika Lubumbashi 13h10. Nilihesabu na bic: kwenda masaa 25 na dakika 40, kurudi masaa 13 na dakika 25. Mutoto wangu aliangalia ku intaneti, banasema kilometa 10,090, masaa 12. Ule wa ajansi anasema 14. Nani anasema ukweli? Niko na ugonjwa ya sukari, nabeba insulini, nataka masaa ya kweli."

Yambo sana mama. Kwanza nikuambie hapa hakuna mutu mwenye alikudanganya. Mutoto wako alisoma muzuri, ule wa ajansi pia, na hesabu yako ya bic haina kosa hata ya dakika moja. Ni vile kila mutu alipima kintu yake, halafu bote munaiita jina moja, safari. Nilitumika miaka mingi ku Luano, kiwanja ya ndeke ya Lubumbashi, kazi yangu ilikuwa kutayarisha plani ya safari, ile karatasi yenye piloti anashika mbele ya kuruka, ndani mule kuko njia, mupepo, mafuta na masaa, na bamama ba biashara balikuwa banakuja kuniuliza swali sawa na yako karibu kila wiki. Ngoja nikufungulie polepole. Dawa yako nitaifikia, siisahau, juu kwangu njo kintu ya nguvu kuliko zote mu barua yako.

Tubande na ile 25 na 13. Weye mutu wa Lubumbashi unajua kama Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ndeke ikitoka Luano 10h00 inaweza kufika Ndjili 11h20, mutu anashangaa, eh, saa moja na dakika 20 paka! Kurudi anatoka kule 13h00 anafika huku 16h10, anasema sasa piloti wa kurudi alikuwa anatembea polepole. Kumbe kwenda ilikuwa masaa 2 na dakika 20, kurudi masaa 2 na dakika 10. Ni saa ya ukuta yenye ilibadilika, ndeke ilienda mwendo wake ule ule. Na Guangzhou ni mambo ile ile, tofauti yake kule haiko saa moja, ni masaa 6. Wakati huku ni 12h00 ya muchana batu banaenda kula, kule ni 18h00. Addis iko mbele yetu saa moja, kisha kutoka Addis mpaka China unaongeza ingine 5.

Basi njia ya kuhesabu ni kubadilisha kila saa ya tike kuwa saa ya Lubumbashi, njo unatoa. Kamata tike yako tufanye pamoja. Unafika Addis 19h05 ya kule, huku ni 18h05. Ulitoka 14h10, kwa hiyo kipande ya kwanza ni masaa 3 na dakika 55. Unatoka Addis 00h20, huku ingali 23h20, ni kusema ulikaa pale ukingoja masaa 5 na dakika 15. Unafika Guangzhou 15h50, toa 6, inabakia 9h50 ya asubui ya Lubumbashi, na kutoka 23h20 mpaka 9h50 ni masaa 10 na nusu. Ukiweka zote pamoja unapata masaa 19 na dakika 40. Ile njo safari yako ya kwenda, ya kweli, yenye mwili wako utaisikia.

Kurudi sasa. 23h45 ya Guangzhou ni 17h45 ya huku, jua haijazama. Addis 6h15 ni 5h15 yetu, basi masaa 11 na nusu juu. Unangoja masaa 4 na dakika 5. Unatoka 9h20 yetu, unafika 13h10, masaa 3 na dakika 50. Jumla 19 na dakika 25. Unaona sasa? Ile 25 na 13 zinakuwa karibu sawa kabisa, 19 na 40, 19 na 25, tofauti ni dakika 15. Na ule wa ajansi, 14 yake inatoka wapi? Alichukua masaa ya kuwa ndani ya ndeke tu, 3 na 55 na 10 na 30, inafanya 14 na dakika 25, kungojea ku Addis hakuiweka. Ni ukweli, lakini mutu mwenye anabeba dawa haiko ile namba anaitafuta.

Sasa ile 10,090 na masaa 12 ya mutoto wako, hapa nitakaa kidogo juu ni mambo yenye napenda sana. Fanya hivi ku nyumba na batoto. Chukua mupira, hata ile ya plastiki ya kucheza mu lupango. Weka alama ya bic pahali ya Lubumbashi, chini kidogo ya mustari ya ikweta, na ingine pahali ya Guangzhou, juu ya ikweta, mbali upande ya jua kutokea. Kamata uzi ya kushonea, finya mwisho moja na kidole juu ya alama ya kwanza, vuta mpaka ya pili, kisha kaza. Usiisukume na mukono mwingine, acha uzi ijilalie yenyewe. Ikikaza kabisa inalala mu njia ya mufupi kuliko zote, na urefu ya ile uzi njo ile 10,090 ya intaneti. Sasa kata kipande ya uzi pale pale, jaribu kuzungusha mupira muzima nayo: itaingia karibu mara 4. Haiko bahati, mu 1791 bafaransa balikubaliana kama meta itatoka ku dunia yenyewe, banakamata njia ya kutoka ikweta mpaka ncha ya kaskazini, banaigawanya mara milioni 10. Njo maana robo ya dunia ni kama kilometa 10,000, na weye mama unaenda robo ya dunia kununua biatu, na kidogo juu.

Ile uzi inapita wapi? Batu banaangalia karte ya ukuta banafikiri lazima upande sana kaskazini. Hapana. Kutoka Lubumbashi uzi inakata Tanzania nzima, inatokea ku bahari pale pale Unguja, inavuka Bahari ya Hindi, inaingia kusini ya India, inapita ku Chennai, inavuka maji tena, Birmania, kaskazini ya Vietnam, unafika. Karte ya ukuta inakosa juu ni dunia ya mviringo yenye balipasua na kuilaza ku karatasi, pembe zinavutika, mustari ya moja kwa moja ya ku karatasi haiko tena njia ya mufupi ya ku dunia.

Lakini hakuna ndeke yenye kubeba abiria inafwata ile uzi mpaka mwisho, utapitia kiwanja ingine. Na hapa mama ujue kintu yenye ajansi mingi habasemi, kama eskale zote haziko sawa. Lubumbashi mpaka Addis ni kama 2,600, Addis mpaka Guangzhou ni kama 8,040, jumla 10,640. Unaongeza 550 tu juu ya uzi, haifiki hata saa moja ya kuruka. Kupitia Nairobi inakuwa muzuri zaidi kwa kilometa, 1,540 na 8,680, inafanya 10,220, Nairobi iko karibu kabisa na uzi. Lakini mutu akikuuzishia tike ya kushuka kwanza Johannesburg, hata kama kutoka kule kuna ndeke ya moja kwa moja, unafanya 12,290, juu unaenda kusini kilometa 1,620 wakati kwenye unaenda ni kaskazini. Na kupitia Kinshasa halafu Addis, njo nilikuwa naona kila mara batu banafanya juu ya bei, ni 1,550 ya kwenda upande ya magaribi, kisha 2,985 ya kurudi mpaka Addis, kisha ile 8,040. Karibu 12,580. Unazidisha 1,900 na zaidi juu ya ile ya kupitia Addis peke yake, na unapita mara mbili karibu juu ya inchi yako mwenyewe. Bei ikipunguka sana sawa, ni franga zako, lakini uhesabu na hoteli na siku yenye unapoteza.

Masaa 12 sasa. Ile mashini ya ku intaneti inafanya kintu moja tu, inachukua 10,090 inagawanya na mwendo, kama 850 kwa saa, inapata karibu 12. Ndeke kubwa za leo juu kabisa, kilometa 10 ao 12 juu ya bulongo, zinaenda karibu 900 kwa saa kama hakuna mupepo. Lakini haziruki na 900 mara moja. Inatembea chini ku pisti, inangoja zamu, inapanda kwa dakika 20 na kitu, mwisho inashuka kwa dakika zingine 30, na mara ingine inazungushwa mbele ya kutua. Na masaa yenye baliandika ku tike haiko masaa ya hewani, ni kutoka ile dakika banatosha mbao ku mipira ya ndeke pale inasimama mpaka ile dakika banairudisha kule yenye unaenda. Sisi ku kazi tulikuwa tunaita masaa ya bloku. Njo maana wakati mwingine piloti anasema ku mikro "tutaruka masaa 10", na ku tike ni 10 na nusu, hakuna mwenye anabadilisha maneno.

Mutoto ataniuliza, sasa juu ya nini habaweki ndeke ya moja kwa moja, ni kusema hazina nguvu? Nguvu iko. Boeing 787-9, kiwanda yake inasema inaenda karibu kilometa 14,000, basi 10,090 inaimaliza. Mambo ni mbili. Ya kwanza, kujaza biti karibu 300 kila mara na batu ba Lubumbashi benye banaenda Guangzhou ile siku ile. Ku Addis ao Nairobi banakusanya batu ba Lusaka, ba Harare, ba Kigali, ba Kinshasa, ndeke inajaa. Ya pili ni Luano yenyewe, na hii ni ya kazi yangu kabisa. Luano iko juu, kama meta 1,300 juu ya bahari. Hewa ya juu ni ya mwepesi, mabawa yanashika kidogo, mota pia inavuta hewa kidogo, na mu Oktoba wakati joto inapiga mbele ya mvua hewa inazidi kuwa mwepesi. Na pisti ni kilometa 3 na kitu. Ndeke yenye imejaa mafuta ya kwenda robo ya dunia ni nzito sana, ingelazimika kuacha mizigo ao batu. Addis yenyewe iko juu kuliko sisi, zaidi ya meta 2,300, na bale banaijua ile shida: kwa miaka ndeke ya kutoka Addis kwenda Washington ilikuwa inashuka Dublin kuweka mafuta, lakini kurudi, kutoka Washington kwenye iko chini karibu na bahari, ilikuwa inakuja mara moja bila kusimama.

Guangzhou iko chini, karibu na usawa ya bahari, kule ndeke inaruka na uzito wake wote bila shida. Sasa juu ya nini kurudi ni masaa 11 na nusu na kwenda 10 na nusu, wakati kilometa ni zile zile? Ni mupepo. Juu kule kuna mupepo ya nguvu yenye inatoka magaribi inaenda mashariki, kama muto, inapita Arabuni, kaskazini ya India, mpaka China, na mu wakati ya baridi ya kule, Desemba mpaka Februari, katikati ya ule muto inapita 200 kwa saa bila shida. Ukienda inakusukuma ku mugongo, ukirudi inakupiga ku uso. Nilikuwa naona plani ya njia ile ile, ndeke ile ile, inapishana na saa nzima na zaidi kati ya Januari na Julai. Mu Julai mupepo inabadilika pale juu ya India na bahari yake, inatoka mashariki, tofauti inapunguka. Basi rafiki yako akikuambia kama yeye alifanya 11 kamili kurudi, muulize alisafiri mwezi gani. Na wakati mwingine njia inazunguka juu ya vita, upande wa Yemen kwa mufano piloti habapiti kila pahali, inaongeza kilometa kidogo.

Kama ndeke yako inashuka kwanza mu kiwanja ya karibu, kama Ndola, uangalie muzuri ku tike. Ndola ni kilometa 200 hivi tu, juu ni dakika chache, lakini kushuka, kutosha batu, kuingiza bengine, kuruka tena, inakula saa moja na zaidi. Tike yako weye haina ile, nilihesabu, masaa 3 na 55 kwa 2,600 ni ya moja kwa moja.

Nikuwekee kitu ya zamani, juu inaonyesha muzuri tofauti ya masaa ya juu na masaa ya safari. Mu 1925 mubeleji Edmond Thieffry na benzake babili balitoka Brussels tarehe 12 Februari na ndeke ya mota, ya kwanza kutoka kule mpaka Kinshasa, ile wakati banaita Léopoldville. Balifika tarehe 3 Aprili, siku 51. Lakini ukihesabu masaa yenye balikuwa hewani kweli, ilikuwa kama 75 tu. Zingine zote ni kungoja, kutengeneza, mupepo mubaya, mvua. Leo ni vile vile, paka mu siku 2. Mu masaa yako 19 na 40, karibu 5 na robo unakaa ku kiti ya Addis.

Na ile 5 na robo usiichukie mama. Batu bananiandikia banataka korespondansi ya saa moja ili bafike mbio. Kwa mutu wa biashara, mara yake ya kwanza, mi sikubali. Ndeke ya Lubumbashi ikichelewa dakika 40, na inachelewaka, unakimbia mu kiwanja yenye haujui, bagaji yako inabakia nyuma hata kama weye ulifika. Masaa 3 mpaka 5 ni muzuri, unakula, unalala kidogo, unachaji telefone. Ku Luano wakati banafunga karatasi ku mukono ya valizi, usiachie macho. Angalia herufi 3 kubwa. Lazima ionekane CAN, ile inatoka ku jina ya zamani Canton, njo Guangzhou. Ikionekana ADD peke yake, ile valizi inamalizia Addis, uliza pale pale mbele haijaenda ku mukanda. Kurudi herufi yako ni FBM, haifanani na Lubumbashi hata kidogo lakini njo sisi. Na kama unaenda juu ya ile maonyesho kubwa ya biashara ya Canton, inafanyikaka mu Aprili na mu Oktoba kila mwaka tangu 1957, ulipe tike mbele sana, juu dunia nzima inaenda.

Sasa dawa yako. Mama mudogo wangu naye alikuwa na sukari, shindano ya insulini asubui 7h00, shindano ingine mangaribi 19h00. Alisafiri njia sawa na yako. Ajansi yenye ilimuuzishia tike ilimuambia ni masaa 13 na hakuna mwingine mwenye alimuelezea kintu, na mi sikuwa nayo habari. Mangaribi ya kwanza alipiga shindano 19h00 ya Lubumbashi, ni sawa. Ku Addis, akipanda ndeke, akaweka saa yake ya mukono ku saa ya Guangzhou, juu alisikia njo inafaa. Akaona 7h00 ku mukono, akapiga ingine. Lakini 7h00 ya Guangzhou ni 1h00 ya usiku ya Lubumbashi. Ilikuwa masaa 6 tu tangu ya kwanza, pahali ya 12, na alikuwa hajakula, taa za ndeke balizima, batu banalala. Akaanza kutetemeka, jasho inatoka ku paji ya uso mpaka ku shingo, anashindwa hata kufungua mukebe ya mufuko. Binti wa kiti ya pembeni aliamuka, akamufungulia jus ya machungwa ya sukari, akamushikia glasi ku mudomo. Alipona. Lakini kila mara mutu mwenye sukari ananiuliza masaa ya ndeke, naona ile glasi.

Kwa hiyo mama, beba saa moja ya mukono, ya bei kidogo, usiibadilishe, ibakie ku saa ya Lubumbashi mpaka unafika hoteli. Telefone yako itajibadilisha yenyewe ku Addis na ku Guangzhou, usiifwate kwa dawa. Mbele ya safari, wiki mbili mbele, enda kwa munganga wako na karatasi yenye umeandika ile masaa ya kweli, andika vile: natoka 14h10, nafika Addis 18h05, natoka 23h20, nafika 9h50, zote saa ya Lubumbashi, na kurudi natoka 17h45, nafika 13h10 ya kesho yake. Yeye njo atakuambia shindano gani saa gani na ni ngapi, na namna ya kuhamia ku saa ya kule, juu kwenda siku yako inapunguka masaa 6 na kurudi inaongezeka 6, haiko hesabu ya mi wala ya rafiki ku soko. Muombe pia barua yenye inasema uko na insulini na mashindano, ya kuonyesha pale banapitisha mifuko ku mashini. Insulini ikae mu mufuko wa mukono, usiiweke hata siku moja mu valizi ya chini, inaweza kupata baridi kali ikaganda, na insulini yenye iliganda haitumike tena. Na kitu ya kula yako mwenyewe, bisikiti, jus, juu chakula ya ndeke inakuja saa yenye bale ba kazi banataka, haiko saa yenye sukari yako inataka.

Luano ufike masaa 3 mbele, basi ku nyumba utoke 10h30 hivi, barabara ikiwa imejaa. Na batoto usiwaache na hofu. Unatua 15h50 ya kule, 9h50 ya huku, kisha muistari ya pasport, valizi, kubadilisha franga, kutafuta laini ya telefone ao wifi ya hoteli. Baambie simu yako ya kwanza baingoje kuanzia 12h00 ya muchana ya Lubumbashi, basianze kuniandikia 10h00 asema mama amepotea. Na usiku ya kwanza kule, 22h00 yao itakuwa 16h00 yako, usingizi haitakuja, hiyo ni kawaida, itachukua siku kama 4 ao 5 mwili kuzoea, weye siku ya kwanza usilipe mizigo kubwa, tembea tu uangalie bei.